Fundi wa wayalesi kanipiga laki sita, halafu anasingizia hali ya hewa

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Na wale wa "ungetafuta fundi anayejulikana" naomba mkae pembeni kwanza, huyu nilipewa na jirani, na kwa jirani kamera zinafanya kazi mpaka leo.

Iko hivi. Nakaa Goba, kilimani. Ng'ambo ya bonde nina banda la kuku wa mayai, kilometa 1.2 kwa kupima kwenye ramani ya simu. Nyumbani nina faiba. Kule hakuna, na bando la simu kwa kamera nne linakula kuliko kuku wenyewe. Nikataka daraja la wayalesi: antena moja juu ya paa langu, nyingine juu ya banda, zitazamane, basi. Fundi akaja, akafumba jicho moja kama anayelenga manati, akasema "panaonekana", laki saba vifaa na ufundi. Nikatoa sita, moja tukakubaliana akimaliza.

Siku ya kufunga taa ziliwaka, kamera zikaonekana, tukapeana mikono. Jioni ile ile zikapotea. Nampigia: "Mzee wangu, hiyo hali ya hewa, si unaona wingu." Kesho yake jua la kupasua mawe. "Mzee, hao watu wa faiba leo wana shida." Nikawapigia watu wa faiba mara tatu, na mara zote tatu yule dada ananiambia nizime ruta, nihesabu hadi 30, niwashe. Nilizima na kuwasha mpaka nikajiona mjinga. Yule dada namwomba radhi hapa hapa, maana mara ya tatu sikuongea naye vizuri.

Kibaya zaidi, intaneti ya nyumbani nayo ikaanza kuumwa, wakati kabla ya daraja haikuwa na shida yoyote. Mama watoto yuko kwenye kikao cha video, inakata. Mtoto ananiambia, "Baba, kuku wako wameharibu intaneti."

Na kweli alikuwa karibu na jibu kuliko fundi. Jumamosi moja LUKU iliisha bandani, kijana akachelewa kuniambia. Saa nne nzima nyumbani intaneti ikawa inateremka kama maji. Nikanunua umeme, kijana akaingiza namba, hazikupita dakika tano nyumbani ikaanza tena kukatakata. Nikakaa chini. Kumbe mgonjwa yuko kule.

Nikaenda na laptopu. Yule fundi aliitoa ruta ya pili kwenye boksi, akachomeka waya wa antena kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), akaondoka zake. Ndani hakugusa kitu. Ruta ile anwani yake 192.168.1.1. Ya nyumbani nayo 192.168.1.1. Sasa daraja kazi yake ni kuzifanya pande mbili ziwe kama swichi moja ndefu, kwa hiyo ukiita Juma wanaitika Juma wawili. Na zote zimewashwa DHCP, zinagawa anwani kama wenyeviti wawili wa mtaa wanaouza kiwanja kimoja. Simu ya mke wangu ikiomba anwani, siku nyingine inajibiwa na ruta ya kuku na kuelekezwa kwenye mlango ambao nyuma yake hakuna intaneti. Dawa: ruta ya bandani nikaipa 192.168.1.2, nikazima DHCP yake, waya nikauacha kwenye LAN. Haikufika dakika tano.

Nyumbani kukatulia. Kamera bado.

Nikaingia kwenye ukurasa wa antena. Nenosiri lilikuwa bado "admin", hilo nitalirudia. Nguvu ya mawimbi inasoma hasi 81, na hapo namba ikizidi kuwa kubwa mawimbi ndiyo yanazidi kuwa dhaifu. Kwa antena za dBi 13 (kipimo cha antena kuelekeza mawimbi) na umbali ule nilitegemea kama hasi 60, na tofauti ya desibeli 20 ni nguvu mara 100, si kitu cha kuambiwa "itatulia". Tatizo ni lile jicho la manati. Kuona banda hakutoshi, mawimbi hayapiti kama uzi. Kwa masafa ya 5 GHz na kilometa 1.2, katikati ya safari njia inanenepa kama mita 4 kila upande wa mstari, na asilimia 60 ya unene huo inatakiwa iwe wazi. Katikati ya bonde letu kuna mwembe. Ukisimama pale juu unaliona banda vizuri tu, ila kilele cha mwembe kimeingia ndani ya njia, na majani yakiloa mvua ndiyo kabisa. Kwa hiyo lile wingu la fundi lilikuwa na chembe ya ukweli, ingawa mwenyewe hakujua ni ipi.

Nikaongeza bomba la mita 3 kila upande. Nikapanda mwenyewe, na umri huu, nikawa nasogeza antena kidogo kidogo huku kijana chini ananisomea namba: sabini na nane, sabini na moja, sabini na tatu, rudi mzee, sitini na sita, sitini na mbili. Nikakaza nati hapo hapo.

Sasa njooni kwenye waya, maana hapa ndipo nilitaka kwenda kumtafuta mtu kwao. Antena ya bandani ilikuwa inajizima na kujiwasha, hasa kamera zote nne zikituma picha kwa pamoja. Nikaukata waya kichwani kuangalia. Jamaa amepanga rangi jozi kwa jozi, machungwa, kijani, bluu, kahawia, imependeza kama shanga. Lakini mpangilio sahihi unataka kijani watenganishwe, bluu wakae katikati yao, ili pini namba 3 na 6 za kichwa ziwe za jozi moja iliyosokotwa. Testa yake iliwaka taa zote nane, nilishuhudia. Testa ya namna ile inauliza tu kama waya umefika, haiulizi umesafiri na nani. Kwa waya wa mita mbili usingejua. Huu ni mita 55.

Halafu nikaukwangua kwa wembe. Nje rangi ya shaba, ndani nyeupe kama sufuria. Alumini imepakwa shaba! Na antena inapata umeme wake, volti 24, kupitia waya huo huo. Alumini inaukwaza umeme kuliko shaba, mita 55 baadaye unafika umechoka, antena ikitaka kutuma kwa nguvu inazirai. Risiti ninayo, kaandika kwa mkono wake: "waya kopa orijino", yaani shaba halisi. Nimenunua wa shaba kwa hela yangu, nimebana vichwa upya, leo siku ya 12 haijajizima.

Ningeishia hapo nisingefungua uzi. Jana usiku kanitumia ujumbe: "Mzee wangu naona kamera zote nne ziko hewani, si nilikwambia itatulia? Ile laki vipi?"

Anaona. Anaona vipi? Nikakumbuka siku ile alisajili kamera kwenye simu yake "kwa kujaribu", kisha akanipa mimi ruhusa ya kutazama tu. Mwenye akaunti ni yeye. Nenosiri la antena, la ruta zote mbili na la WiFi nimebadilisha usiku ule ule, lakini kamera nikijaribu kuziingiza kwenye akaunti yangu zinaniambia zina mwenyewe. Nimebonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani sekunde 10, sekunde 30, jibu ni lile lile. Kwa sasa nimezichomoa.

Mliowahi kuzitoa kamera kwenye akaunti ya mtu bila kumbembeleza, mlifanyaje? Namba za utambulisho (serial) za kamera ninazo kwenye stika, na ile risiti. Na laki yake haendi kuipata.