Dragon Quest kubadilika kidogo kidogo: ni uvivu au ni ufundi?

Mleta mada:
Wakuu, kila ninapoisifia Dragon Quest XI, ya kumi na moja katika mfululizo huu wa gemu za Kijapani, najibiwa vilevile: hiyo ni gemu ya kwanza, ya 1986, iliyopakwa rangi mpya. Kauli hiyo naipinga, na nataka tuijadili kwa hoja.

Kwamba inafanana na zilizotangulia, hilo sibishi. Mapambano bado ni ya zamu (unapiga wewe, kisha adui naye anapiga), slaimu, yule adui mdogo wa buluu aliyechorwa na Akira Toriyama, yupo, kanisani bado unahifadhi mchezo, na Yuji Horii aliyeibuni ile ya kwanza bado anaongoza. Lakini tukumbuke tulikotoka. Gemu ya kwanza ilikutaka uchague amri kwenye menyu ili tu upande ngazi! Shujaa alikwenda peke yake, na kule Japani ukitaka kuendelea kesho yake ulinakili nywila kwa mkono. Ya pili, 1987, ikampa wenzake wawili. Ya tatu, 1988, ikaleta betri ya kuhifadhia mchezo na uhuru wa kumchagulia kila mwenzako kazi yake. Hakuna lililobomoa msingi.

XI ya 2017 imefuata njia hiyohiyo. Maadui unawaona wakizurura porini, kama ilivyokuwa kwenye ya tisa (IX), kwa hiyo usiyetaka kupigana naye unampisha. Ukipanda levo, afya na nguvu za uchawi zinajaa papo hapo. Mhusika aliyezidiwa unambadilisha katikati ya pambano. Umemjaza Erik, mmoja wa wenzake shujaa, pointi za ujuzi wa visu halafu ukaona bumerangi ndiyo inayomfaa? Unalipa dhahabu, pointi zinarudi. Kila badiliko ni dogo, ila yote kwa pamoja yanamwondolea mchezaji adhabu zisizo na maana na kumwachia maamuzi yenyewe: nani aponye, nani ashambulie, nani apumzike.

Mchangiaji:
Mkuu, umechagua mazuri tu. Hujasema kwamba kwenye pambano unaweza kumzungusha shujaa uwanjani, ila mahali anaposimama hapabadilishi chochote. Hilo ni pambo. Zamu zenyewe sina ugomvi nazo. Persona 5 ya 2016, gemu nyingine ya Kijapani, nayo ni ya zamu, lakini menyu zake zina kasi na kila udhaifu wa adui unakupa nafasi ya kupiga tena. Na muziki wa okestra? Ulikuja na XI S, toleo lililoboreshwa la gemu hiyohiyo, mwaka 2019, pamoja na kasi ya mapambano. Walionunua la awali hawakupewa nyongeza hizo bure. Maboresho ya polepole yanayouzwa mara mbili, mimi siyaiti ufundi.

Mleta mada:
Kuhusu kuzunguka uwanjani tuko pamoja, bora wangeliondoa. La kuuza mara mbili nalo lina uzito, ila hapo unalalamikia biashara, wakati mimi nazungumzia ubunifu. Persona 5 inaunga mkono hoja yangu: nayo imejengwa juu ya zilizoitangulia, udhaifu wa adui ulikuwa unatoa zamu ya ziada tangu Persona 3 ya 2006.

Sasa Dragon Quest XII ilitangazwa 2021, na Horii alisema mfumo wa amri za mapambano utabadilika. Mimi ningemwomba asiguse zamu kabisa, aongeze kasi na aupe uwanja maana. Wewe ungeanza kubadilisha nini, na nini usingekubali kiguswe?