Chonga wananimalizia miche ya minazi Bumbwini, na jirani karundika magogo mpakani

BintiBumbwini

Assalaam alaykum wadau.

Nina shamba la eka tatu tulilorithi kwa marehemu baba, huku Bumbwini, Unguja. Minazi mingi imezeeka, nazi zake ndogo, na wakwezi wenyewe siku hizi wanaiogopa. Mwaka juzi nikaanza kupanda miche katikati ya ile ya zamani. Ilishika vizuri tu. Sasa ukipita asubuhi unaona makuti machanga yanafunguka yakiwa yamekatwa kwa pembe, kama mtu kapita na mkasi usiku. Ukifunua kilifu unakuta tundu la kuingia kidole gumba, na mdomoni mwake makapi yaliyotafunwa, bado mabichi. Mche mmoja niligusa tu kuti la katikati likatoka lote mkononi, shina lake limeoza. Huo basi tena.

Najua ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, si mgeni kwetu. Ila wingi huu sijauona tangu nizaliwe. Upande wa bahari kuna mtu anajenga nyumba za wageni. Kaangusha minazi yote, magogo kayarundika mpakani kwangu, yamenyeshewa hadi yamelainika. Nilipasua moja kwa shoka: funza weupe, wanene, wamejikunja, vichwa vya kahawia, wamejaa kwenye ungaunga wa mti. Msimamizi wa ujenzi ananiambia magogo hayana neno, wadudu wanatoka msituni. Akaniongezea na habari njema yake, kwamba italetwa mitende mikubwa ya mapambo kwa kontena kutoka Ghuba, ipambe njia ya kuingilia.

Nataka kujua miche iliyobaki niiokoe vipi bila kumwaga sumu, maana mama anafuga kuku na ng'ombe humo humo. Na hiyo mitende, ni ya kuogopwa au mimi tu nina wasiwasi? Kuna aliyenambia Hawaii minazi inakufa kwa mdudu wa namna hii.

Mkwezi Mstaafu

Waalaykum salaam mwanangu. Mimi nimekwea minazi Pemba tangu kijana mpaka magoti yakakataa, kwa hiyo chonga namjua kwa kumshika.

Tafuta waya mgumu, spoki ya baiskeli ndiyo nzuri. Ncha yake uinoe kisha uikunje iwe ndoana ndogo. Ingiza taratibu ukifuata njia ya tundu, usilazimishe. Ukihisi umegota kwenye kitu kigumu chenye kujisukuma, zungusha, uvute. Atatoka na pembe yake. Usichokoe kwa pupa ukafika kwenye kichilema, ule moyo mlaini wa mnazi, maana hapo mnazi utakuwa umeuua wewe, si chonga. Ukishamtoa, changanya mchanga mkavu na majivu, ujaze kwenye makwapa ya makuti ya ndani, yale machanga. Wazee wetu wakitia na chumvi. Akija mwingine usiku akitaka kupenya, mchanga unamkwaruza kwenye maungo. Mvua kubwa ikinyesha huoshwa, kwa hiyo utarudia.

Sasa nambie, samadi ya ng'ombe wa mama iko wapi?

BintiBumbwini

Shikamoo mzee. Iko nyuma ya banda, hatua chache tu kutoka mstari wa kwanza wa miche. Na huo mstari ndio ulioliwa zaidi.

Mkwezi Mstaafu

Marahaba. Basi usimlaumu jirani peke yake 😄

Bwanashamba_Mkuranga

Mzee kashafika penyewe. Niongeze kidogo, mimi ni bwana shamba huku bara na kesi hizi nazipata kila msimu.

Funza uliowaona hawali mnazi mzima. Wao wanakula kilichooza: gogo, kisiki, samadi, jaa. Anayetoboa mnazi ni mdudu mzima, yule mweusi mwenye pembe, na anatoboa kwenda kunywa utomvu wa makuti yasiyofunguka. Akishiba anarudi kwenye uozo kutaga. Kwa hiyo spoki inakuokolea mche wa leo, lakini kiwanda kiko kwenye magogo na samadi. Ukitoa chonga kumi na magogo yakabaki, watakuja kumi wengine.

Magogo yapasuliwe, yaanikwe jua kali, yaliyooza sana yachomwe. Yaliyo mazima yachanwe mbao, mbao ya mnazi ina soko. Visiki visiachwe wazi. Usisahau na minazi iliyokufa imesimama, ile isiyo na kichwa, watu wengi huipita tu kumbe juu kule imejaa funza. Samadi isogezwe mbali na igeuzwe mara kwa mara. Siku ya kuigeuza fungulia kuku wa mama. Hakuna dawa ya dukani itakayowafikia funza kama mdomo wa kuku.

Kuhusu Hawaii, huyo ni ndugu yake chonga, si yeye. Wetu ni Oryctes monoceros, mwenyeji wa Afrika. Wa kule ni Oryctes rhinoceros, asili yake Asia, na ndiye mvamizi hasa wa visiwa. Alifika Samoa mwaka 1909 pamoja na miche ya mpira kutoka Sri Lanka. Bahari yetu hii hii, kaingia Mauritius 1962 na Réunion 1978. Guam wakamkuta 2007, Oahu huko Hawaii mwishoni mwa 2013. Wakajaribu kumfungia Oahu, lakini 2023 akaonekana Kauai, kisiwa kingine cha Hawaii. Husafiri ndani ya mboji, samadi na mimea ya vyungu, watu wenyewe wanambeba.

Zamani Pasifiki walimpunguza kwa virusi vilivyogunduliwa Malaysia mwaka 1963, vinavyomuuguza yeye tu na jamaa zake. Tatizo ni kwamba kizazi kilichoingia Guam hakishikwi na virusi hivyo. Ndipo watu wa Guam wakaanza kutandika nyavu za nailoni za uvuvi juu ya marundo ya mboji na kuzisokota kwenye vichwa vya minazi, mdudu ananasa miguu. Hilo unaweza kuliiga kesho asubuhi, Bumbwini nyavu chakavu hazikosekani. Uifunike samadi yako nzima, pembeni uzibane na mawe.

Na ukimshika chonga usijipe kazi ya kumtambua kwa macho kama ni wetu au wa Asia, wamefanana mno. Mtie kwenye chupa ya spiriti umpeleke kwa watafiti wa kilimo pale Kizimbani.

kijana_wa_dawa

Mnajisumbua bure. Nunua dawa kali mwaga kichwani mwa mnazi, wiki moja kimya.

Mkwezi Mstaafu

Na dafu lake utakunywa wewe?

MtuWaNgambo_Muscat

Dada, mimi hilo la kontena ndilo lililonitoa usingizini. Magogo unayaona na unaweza kuyapasua. Mdudu wa mitende humuoni.

Huku Oman tunamwita susa. Ni mdudu mwekundu mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Asili yake Asia ya Kusini, aliingia Ghuba katikati ya miaka ya 1980 kwa machipukizi na mitende iliyosafirishwa. Jike hutaga kwenye jeraha la mti, na hapa ni kinyume na chonga: funza ndio wauaji, wanakula ndani ya shina lililo hai. Kwa nje mtende unapendeza tu. Kwa ami yangu Barka tulikuwa tunaweka sikio kwenye shina usiku tukasikia wanavyotafuna, krr krr. Baadaye ukaanza kutoa maji ya kahawia yenye harufu kali ya kuchacha, na siku ya upepo ukakatika katikati. Ndani palikuwa tupu, nyuzi na funza.

Na asikudanganye mtu kuwa ni ugonjwa wa mitende pekee. India na Sri Lanka susa anakula minazi. Majeraha anayoyaacha chonga wako ndiyo mlango anaoutafuta.

Visiwa vya Canary vya Hispania vilimgundua 2005. Wakapiga marufuku kuingiza mitende, wakakagua mti kwa mti, mitende iliyoathirika ikakatwa na kusagwa, mitego kila mahali. Mwaka 2016 wakatangaza wamemmaliza. Ni miaka mingi na pesa nyingi, na wale ni matajiri. Zanzibar mimi ningemzuia bandarini, huko ndani tusingemuweza.

Hata sisi tunaokuja likizo tuache kubeba machipukizi ya khalasi, ile aina ya mtende, kwenye masanduku tukidhani tunaleta zawadi. Leteni tende.

BintiBumbwini

Ahsanteni sana wote. Jana nilikwenda kwa sheha, na sheha akamuita msimamizi. Mbele ya watu hakuwa na la kusema, kakubali magogo yatolewe, fundi mmoja wa hapa kijijini anayachana mbao. Yaliyooza tumeyachoma. Samadi tunaihamisha Ijumaa, wavuvi washanipa nyavu.

Kwa spoki nimetoa saba mpaka sasa. Mama anasema nina mkono wa ukunga.

Ila kontena ndio bado. Anasema kila kitu kina karatasi, ila hakunionesha hata moja. Nimuendee nani?

Bwanashamba_Mkuranga

Nenda karantini ya mimea, bandarini Malindi, na uende kabla meli haijafika. Waulize mambo mawili: kama kibali cha kuingiza mitende hiyo kimetolewa, na kama kuna cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka. Cheti peke yake kisikutulize, funza wakiwa wadogo ndani ya shina mkaguzi naye hawaoni. Omba mitende itengwe kwanza na iangaliwe kwa miezi, isipandwe moja kwa moja. Nenda na sheha au barua yake, utasikilizwa haraka zaidi.

Mkwezi Mstaafu

Na mwambie huyo msimamizi kama anataka kivuli cha njia, miche ya minazi mifupi ipo hapo hapo Unguja, inazaa hata mtoto anachuma akiwa amesimama chini. Wageni wake watakunywa madafu. Mtende wa mapambo watakunywa nini?

MtuWaNgambo_Muscat

Mzee 😂😂 Dada, ukishatoka Malindi tuandikie walivyokujibu.