Tunataka klabu ya kuvua kwa fimbo huku Ununio, njia ya kushuka baharini imezibwa, tuanzie wapi?

Mshipi_wa_Jioni:
Habari zenu wakuu. Sisi ni washkaji wa Ununio, Boko na Tegeta hapa Dar, kuna mafundi kuna wa maofisini, wikiendi tunashuka pwani na fimbo zetu tunavua changu na kolekole, hakuna anayeuza, ni kupumzisha akili na kupata kitoweo cha nyumbani basi. Sasa tumeongezeka na vijana wadogo wanataka kujifunza, tukaona tuwe klabu kabisa yenye uongozi. Shida ni kwamba ile njia tuliyokuwa tunashukia imepigwa ukuta na geti, mlinzi anasema eneo binafsi. Tukahamia upande wa diko, pale wavuvi wanapoegesha boti na kushusha samaki, nako hawatutaki, wanasema ndoano zetu zinanasa kwenye nyavu zao. Mwenzetu mmoja anataka tuchange tukodi boti ya faiba tuwe tunavua kule kisiwa cha Mbudya tuachane na ufukwe. Roho inaniuma kwa kweli, bahari hii tumekulia humo, leo mtoto wangu aione kupitia tundu la geti? Leseni inatakiwa? Na njia tunaipataje?

ngalawa77:
Mbudya msiguse mkuu!! Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zote ni hifadhi tengefu za bahari, kuvua humo marufuku hata kwa fimbo moja, unaenda kuogelea na unalipa kiingilio. Huyo mwenzenu atawaponza wote.

Sheria_ya_Mwambao:
Leseni ndiyo, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inaitaka, nendeni kwa afisa uvuvi wa manispaa mumweleze mnavua kwa burudani na hamuuzi, atawaambia mnaingia fungu gani. Na ikitokea mkavuka kwenda Zanzibar jueni uvuvi sio jambo la muungano, kule wana sheria zao na kibali chao.

Kuhusu ukuta, watu wengi watakutajia zile mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004. Ni kweli ipo, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini ile ni katazo la kujenga, yenyewe haikupi wewe haki ya kukatiza kwenye kiwanja cha mtu. Cha kufanya nendeni ardhi manispaa muombe kuona ramani ya mipango miji ya eneo lenu, mkikuta njia imechorwa hapo mna kesi nzuri sana, mnaandika barua kupitia mwenyekiti wa mtaa na mnaweka nakala. Msigombane na mlinzi, yule kaajiriwa tu.

Kibarani_Boy:
Huku Mombasa ni yaleyale ndugu zangu, mahoteli yamefunga vijia. Sisi angalau katiba ya 2010 kifungu cha 62 kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, so ukishafika mchangani hakuna wa kukufukuza, vita ni kufika.

MwanaDiko:
Naona wote mmekimbilia makaratasi. Mimi ni mtoto wa dikoni, wacha niseme ukweli, anzeni na BMU, yaani kamati ya wavuvi ya kusimamia ufukwe na uvuvi wa pale dikoni. Ile kamati imechaguliwa na wavuvi wenyewe na inafanya kazi na afisa uvuvi, ikiwakubali hata barua yenu ya njia inakuwa na uzito maana wavuvi nao wanaumizwa na kuta hizo hizo, mama anayekaanga samaki anazunguka mbali na ndoo kichwani. Mkienda nyie peke yenu mtaonekana watu wa starehe tu. Nendeni watu wachache wenye heshima, msipeleke kundi zima, muwasikilize kwanza. Jitoleeni kusafisha diko, na mkiona mtu anavua kwa baruti toeni taarifa, hapo mtakuwa wenzao.

Mshipi_wa_Jioni:
Asante sana MwanaDiko, hilo la kuungana nao kwenye barua hatukuliwaza kabisa. Ila hilo la ndoano kunasa kwenye nyavu je? Hata kamati ikikubali tutagongana tu.

MwanaDiko:
Hamgongani mkifuata mwezi. Boti za dagaa zinavua kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali nyingi zinapumzika na watu wanashona nyavu. Siku hizo hizo za mwezi mpevu ni bamvua, maji huku kwetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, asubuhi yanakupwa na alasiri yanajaa, na kolekole anaingia na maji. Ombeni BMU muda huo, saa tisa mpaka magharibi, upande usio na nanga za boti. Kipindi cha upepo wa kusi bahari ikichafuka watoto wasisimame kwenye mawe, fuatilieni utabiri wa TMA, wale wa hali ya hewa. Na hiyo boti ya faiba, hata mkienda kwingine, iwe na leseni ya TASAC, wale wanaosimamia vyombo vya majini, na laifujaketi ya kila mtu. Mkipata siku ya kuonana na kamati niandikieni inbox, nitakuja nikae na nyie.