Mafundi AC, gesi haiishi kama mafuta ya taa! Nimelipishwa mara tatu kwa nati moja

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, naomba mnivumilie.

Nakaa Kigamboni, karibu na bahari. Kila mwezi wa kumi, kabla joto halijapamba moto, huita fundi aje kuiandaa AC ya chumba cha mama. Mama ana presha, na nyie mnaijua Januari ya Dar, saa nane usiku shuka limelowa jasho.

Mwaka juzi fundi akaja, akashika bomba la nje, akatikisa kichwa: "Bosi, gesi imeisha." Elfu themanini. Mwezi wa tatu AC ikaanza kutoa upepo wa feni tu, akarudi: "Imepungua tena, ni kawaida." Elfu themanini. Mwezi wa kumi uliofuata nikabadilisha fundi, naye akaimba wimbo uleule, na mimi nikatoa elfu themanini nyingine.

Kawaida ya nani? Gesi ya AC haichomwi kama ya jikoni. Inazunguka humo humo kwenye mabomba: inabeba joto la chumbani, inalimwaga nje, inarudi. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja. Tairi likiwa na pancha utajaza upepo kila asubuhi halafu useme ndiyo kawaida ya matairi?

Desemba ikazima kabisa. Kabla ya hapo umeme wa LUKU ulikuwa unakwisha kama unamwagwa, kumbe kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ilikuwa inahangaika usiku kucha bila kupumzika. Maji nayo yakawa yanachuruzika ukutani juu ya kitanda cha mama, maana hao waliojidai wamefanya sevisi hawakuwahi kuzibua bomba la kutolea maji. Walichofanya ni kuosha filta, kazi ambayo siku hizi naifanya mwenyewe bombani kila baada ya wiki mbili, dakika kumi tu.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Temeke. Hakugusa mtungi wa gesi kwanza. Aliomba sabuni ya kuoshea vyombo na sponji, akapaka kwenye maungio ya yuniti ya nje, akaniambia, "Njoo uone mwenyewe, mwanangu." Kwenye nati moja, ile yenye kutu ya kijani, povu lilikuwa linavimba taratibu, linapasuka, linavimba tena. Alipoifungua, mdomo wa bomba la shaba ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Siku zote hizo pesa yangu ilikuwa inapotelea hapo.

Akakata ule mdomo, akautengeneza upya, akajaza gesi ya naitrojeni kwenye mabomba kupima kama bado panavuja. Kisha akafunga pampu ya vakyumu nusu saa nzima ili kutoa hewa na unyevu, ndipo akaingiza gesi huku mtungi uko juu ya mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha AC yenyewe. Wale wa mwanzo hawakuwa na pampu wala mizani. Walikuwa wanakadiria kwa kugusa bomba! Yuniti ya nje nayo akaiosha chumvi yote ya bahari, akasema hapa kwetu ioshwe kila baada ya miezi mitatu, la sivyo mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, yataliwa na chumvi yaishe.

Na kinachoniuma zaidi: gesi yenyewe ni R410A. Kilo moja ikivujia hewani inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Mnauza baridi kwa mama yangu huku mnatuongezea joto sote, kwa sababu tu mmeona uvivu wa kupaka povu la sabuni.

Nilimpigia yule fundi wa kwanza kumweleza. Akanijibu, "Sasa bosi, kwani baridi si ulipata?"

Mafundi mliomo humu, naomba mnijibu: kutafuta panapovuja hamjui, au hamtaki?