Baba alisema tumwache, kaka anasema tukikubali tumemuua

Mpitanjia: Wakuu, naombeni ushauri, usiku wa nne huu silali. Baba ana saratani ya mapafu, imeshafika kwenye ini. Daktari katuita, anasema pumzi ikikata hashauri mashine ya kupumulia. Mwezi uliopita nikimkata kucha, baba aliniambia, "Siku ikifika mniache." Kaka mkubwa hakuwepo, na anasema huko ni kumuua mzazi. Maandishi hakuna. Je, tunaweza kushtakiwa?

Nesi wa Usiku: Pole sana mkuu. Kutomwekea mashine na kumdunga sindano ya kufa ni vitu viwili mbalimbali; hapo kinachoua ni saratani. Nimeshakandamiza vifua vya wagonjwa wa namna hiyo, unasikia mbavu zikilia chini ya kiganja, na hata moyo ukirudi, saratani iko palepale. Ila asikudanganye mtu kwamba mkisema hapana kazi imeisha. Mofini ya maumivu, kumgeuza asipate vidonda, kumlowesha midomo kwa pamba: hayo yanaendelea hadi mwisho. Baba anaongea?

Mpitanjia: Asubuhi kidogo. Mchana anasinzia.

Kalamu Nyekundu: Kumpa mgonjwa dawa ya kumuua kwa ombi lake kumeruhusiwa na nchi chache, mfano Uholanzi na Ubelgiji tangu 2002, Kanada 2016, Hispania 2021. Kwingi ni jinai, hata akiomba mwenyewe. Kukataa tiba ni habari nyingine. Mwaka 1976 mahakama ya New Jersey, Marekani, ilimruhusu baba yake Karen Ann Quinlan, msichana aliyepoteza fahamu, aamue mashine ya kupumulia ya binti yake iondolewe. Ikaondolewa, na binti akapumua mwenyewe hadi 1985! Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India nayo ilikubali mtu aandike mapema tiba asizotaka. Lakini mtakaobanwa nayo ni sheria ya kwenu, kwa hiyo mwoneni wakili kabla ya siku yenyewe.

Mja Mnyonge: Mimi niko na kaka. Uhai si wetu. Na daktari mmoja hatoshi, tafuteni wa pili asiyemjua wa kwanza.

Kalamu Nyekundu: La daktari wa pili naunga mkono. La uhai, hata Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba halazimiki mtu kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha maisha.

Nesi wa Usiku: Jamani, mnabishania mtu ambaye bado anaongea. Kesho asubuhi muulizeni, kaka akiwepo, daktari akisikia.

Mpitanjia: Mrejesho. Daktari wa pili kasema yaleyale. Leo saa moja asubuhi tulikuwa wote kitandani kwake. Kaka ndiye aliyeuliza, tena mara mbili. Baba akasema, "Mashine sitaki. Maumivu ndiyo mniondolee." Daktari kaandika kwenye faili. Kaka hajaniongelesha tangu hapo, ila zamu ya kulala hospitali leo kaichukua yeye.