Naomba ushauri kuhusu kadi ya posta ya manowari Königsberg

Ndugu wanajamvi, naomba msaada wa wenye ujuzi wa stempu na mihuri ya zamani. Katika sanduku la marehemu babu nimekuta kadi ya posta yenye picha ya bandari ya Dar es Salaam na stempu nyekundu ya Ujerumani. Muhuri wake ni wa posta ya manowari za Kijerumani, wa Juni 1914, mwezi ambao Königsberg ilifika Dar es Salaam.

Meli hiyo ndiyo iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika delta ya Rufiji, na ikaangamia huko tarehe 11 Julai 1915 baada ya kushambuliwa na manowari za Waingereza, Severn na Mersey. Lakini mizinga yake kumi iliopolewa ikapigana nchi kavu, na mmoja upo hadi leo Fort Jesus, Mombasa.

Tatizo langu ni kwamba mihuri hiyo ilibeba namba badala ya jina la meli, na tarakimu ya kwangu imefifia. Je, nitathibitishaje kwamba ni ya Königsberg, na mihuri ya kughushi hutambuliwaje? Mnunuzi mmoja amenishauri niibandue stempu kwa maji ili niiuze peke yake, nami nimekataa, kwa kuwa naamini thamani yake, hasa ya kihistoria, imo katika kadi nzima. Pia naomba kuelekezwa namna ya kuihifadhi dhidi ya unyevu wa pwani.