Furikake: nianze na ladha ipi, na inafaa wali gani?

Umm Langoni (Lamu)

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mdogo wangu anayefanya kazi melini ameniletea boksi la furikake kutoka Japani, yaani ule mchanganyiko mkavu wa ufuta, mwani, samaki, sukari na chumvi ambao Wajapani huunyunyiza juu ya wali mweupe. Ndani mna vipakiti vidogo vidogo vya ladha mbalimbali: yai na mwani, samaki wa salmoni, samaki mkavu wa moshi, mayai ya samaki, wasabi (kiungo kikali cha Kijapani), na kimoja cha rangi ya zambarau chenye harufu ya uchachu, ambacho ameniambia ni cha shiso, majani ya kiungo ya huko Japani.

Hapa nyumbani wali wetu wa kila siku ni wa nazi. Nimenyunyiza ule wa yai juu ya wali huo, na tui likaufunika kabisa, nikabaki naonja chumvi tu. Ningependa kujua mambo matatu. Kwanza, ladha hizi zionjwe kwa mpangilio gani ili kila moja ijulikane ilivyo? Pili, ni wali gani unaozifaa miongoni mwa michele tunayoipata huku kwetu? Tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, nitajuaje kwamba hamna kitu cha haramu ndani yake, maana maandishi yote ni ya Kijapani? Mama yangu ana presha na watoto nao wameshaanza kuvizia boksi, kwa hivyo sitaki kubahatisha.

Mpishi wa Malindi

Waalaikumu ssalam, dada. Nimepika katika hoteli za hapa Malindi kwa miaka mingi na bidhaa hii naifahamu vizuri. Nitaanza na wali, kwa sababu wali usipokuwa sawa hata ladha nzuri itapotea.

Mchele wa Japani una punje fupi na wanga wake una amilosi kidogo, yaani ile sehemu ya wanga isiyonata, ndiyo maana wali wake hushikana na kila chembe ya furikake hubaki pale ilipoangukia. Pishori yetu ya Mwea ina punje ndefu zinazoachana, nasi huisifu kwa sifa hiyo hiyo, lakini kwa jambo hili chembe huteremka zikajikusanya chini ya sahani. Basi pika pishori bila mafuta na bila chumvi hata kidogo, ongeza maji kuliko kawaida yako, kisha ukishakauka uache umefunikwa kwa muda kabla ya kupakua, ili ulainike na ushikane. Nyunyiza wakati wali ungali moto, na ule papo hapo, kwani vipande vya yai na mwani vikikaa kwenye mvuke hulegea na kupoteza ule ukavu unaowapendeza walaji.

Tui lina mafuta yanayoipaka kila punje, na ladha za upole kama ya yai haziwezi kupenya hapo. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba wali wa nazi haufai kabisa. Shiso ina uchachu na chumvi, nao uchachu huo hukata uzito wa tui kama ndimu inavyofanya kwenye samaki wa kupaka. Ukiwa na wali wa nazi usiotiwa chumvi, changu wa kuchoma na shiso kidogo juu yake, utaona mlo umekamilika bila achari.

Kuhusu mpangilio, gawa wali mweupe katika vibakuli na uende kutoka upole hadi ukali. Anza na yai na mwani, ambayo ina utamu kidogo na ndiyo inayopendwa sana na watoto. Kampuni ya Marumiya ilianza kuiuza kwa jina la Noritama mwaka 1960 na mpaka leo iko madukani Japani. Fuatisha salmoni, halafu samaki mkavu wa moshi. Huyu wa tatu nakuomba umpe nafasi ya kutosha. Ni samaki wa jamii ya jodari, ambaye huchemshwa, hufukizwa moshi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama ubao, kisha hukwanguliwa kuwa nyuzi nyembamba. Mtu aliyezoea papa mkavu na ng'onda ataielewa ladha hiyo mara moja, na kwa maoni yangu ndiyo inayomkaribia zaidi mlaji wa pwani yetu. Mayai ya samaki yaje baada yake, kisha shiso. Wasabi iwe ya mwisho, kwa kuwa ukali wake hupanda puani na ulimi hauonji tena kitu kingine kwa muda.

Kipakiti kidogo cha gramu 2 au 3 kimekusudiwa bakuli moja la wali. Mama mwenye presha asimalize hata kimoja, na siku hiyo kitoweo chake kisitiwe chumvi.

Mwana wa Pate

Nilisoma Japani na nililazimika kulijua suala la halali mapema, kwa hivyo dada naomba nikujibu hilo. Mtu asikwambie kwamba kitu cha samaki na mwani hakiwezi kuwa na tatizo. Matatizo huwa katika viungo vidogo vinavyoandikwa mwishoni.

Geuza pakiti utafute orodha ya viungo. Ukiona herufi 豚 au neno ポーク, hiyo ni nguruwe na habari imeishia hapo. Herufi 酒 ni pombe ya mchele, na みりん ni pombe tamu ya kupikia ambayo hutiwa sana katika vitoweo vya samaki. Neno ゼラチン ni jelatini, na mara nyingi pakiti haisemi imetokana na mnyama gani. Vilevile 乳化剤 ni kiungo kinachofanya mafuta na maji yachanganyike, nacho huweza kutoka kwenye mimea au wanyama. Sosi ya soya yenyewe hupata pombe kidogo inapochachushwa, na wanazuoni wametofautiana juu yake, hivyo muulize maalim unayemwamini badala ya kuchukua fatwa kutoka kwangu. Simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera itakusaidia kuanza, lakini linganisha na herufi nilizokuandikia, kwa sababu maandishi ya vipakiti ni madogo na programu hukosea.

Katika ladha ulizozitaja, mimi hukagua kwa makini zaidi ya yai, salmoni na mayai ya samaki, kwani ndizo zenye viungo vingi vya kiwandani. Shiso mara nyingi huwa na orodha fupi.

Kama kuna mtoto mwenye mzio, sheria ya Japani inalazimisha mayai, ngano, maziwa na kamba kutajwa kwenye pakiti. Ufuta haumo katika orodha ya lazima, bali umo katika ile inayopendekezwa tu, kwa hiyo usichukulie kwamba kutotajwa kwake ni dhamana. Na tarehe ya mwisho ya kutumia huandikwa kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku.

Bibi wa Matondoni

Mwanangu, hayo ya wenzangu ni mazuri, na mimi nakuongezea njia ya kuipata ladha hiyo bila kungoja meli. Mjukuu wangu alinisomea kwamba mmoja wa watu wa kwanza kutengeneza kitu cha aina hii alikuwa mfamasia wa Kumamoto aliyeitwa Suekichi Yoshimaru, mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba alisaga samaki wadogo pamoja na mifupa yao ili watu waliopungukiwa na kalsiamu waipate kwenye wali. Nikaona hilo tunaliweza sisi, maana dagaa tunao na ufuta hulimwa hapa hapa Lamu bara.

Toa vichwa vya dagaa wakavu, wapashe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka wavunjike ukiwagusa, kisha watwange kwenye kinu wawe chenga, wasiwe unga. Ufuta ukaange peke yake, na uutoe pale tu unapoanza kurukaruka na kutoa harufu, kwa kuwa ukichelewa kidogo huwa mchungu na hauna dawa. Changanya na uduvi mkavu uliotwangwa, sukari kidogo na chumvi ya kupimia kwa ulimi. Anayetaka uchachu wa ile zambarau aongeze embe bichi lililokaushwa na kutwangwa. Halifanani na shiso, lakini kwa wali wa nazi mimi nalipenda zaidi.

Mwani usiokote ufukweni. Ule wa Wajapani ni wa jamii nyingine, hukaushwa kuwa karatasi nyembamba, nao huuzwa katika maduka makubwa ya Mombasa. Huu unaolimwa kule Kibuyuni, Kwale, ni wa kuchemshwa na kutolewa kitu cha kugandishia vyakula, wala hautakupa harufu unayoitafuta.

Umm Langoni (Lamu)

Allah awalipe kheri nyote. Nimekagua boksi zima kwa zile herufi: salmoni ina 酒 na mayai ya samaki yana みりん, nimeziweka kando. Samaki mkavu wa moshi nitamuuliza maalim kwa sababu ya sosi ya soya. Nimebaki na swali moja tu: je, pakiti iliyofunguliwa itadumu vipi katika unyevu wa huku kwetu, hasa masika haya?

Mpishi wa Malindi

Haitadumu ikiachwa wazi, dada. Imimine kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaokaza, pamoja na kile kifuko cha kunyonya unyevu kama kimo ndani ya pakiti, na usichote kwa kijiko kilichopita kwenye mvuke wa sufuria. Ikilegea kabla haijaharibika, ipashe kidogo kwenye kikaango kikavu, isipokuwa ya shiso na ya wasabi, ambazo moto huziondolea harufu.